Miaka kumi ya ndoa, tunataka kuzunguka na gari milimani Marekani mwezi wa kumi. Ratiba hii imekaaje?

Msafiri_Pole
Wakuu, habari za muda huu.

Tarehe 18 Oktoba mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumekubaliana hakuna ukumbi wala kamati. Tunakodi gari, sisi wawili tu, tunaenda kuangalia ile misitu ya mashariki mwa Marekani inavyogeuka nyekundu na njano. Ni kitu anachokiongelea tangu tukiwa wachumba.

Ratiba niliyochora ni hii. Jumanne tarehe 13 tunashuka Boston. Tarehe 14 barabara ya Kancamagus kule New Hampshire. Tarehe 15 Stowe, Vermont. Tarehe 16 tunashuka kusini hadi Virginia. Tarehe 17 barabara ya Skyline Drive yote. Tarehe 18 na 19 barabara ya milimani ya Blue Ridge Parkway mwanzo mwisho. Tarehe 20 Asheville, tarehe 21 tunaruka kutoka Charlotte.

Dereva ni mimi. Naombeni maoni, na msinionee huruma.

Kona_Kali
Hujaomba huruma na hutapata. Tarehe 16 ulivyoiandika kama mstari mmoja, umepima ramani? Na safari nzima, Stowe mpaka Asheville, ni zaidi ya kilomita 1,500. Wewe unaanzisha kampuni ya usafirishaji, si sherehe ya ndoa.

Zuhura_wa_Pwani
Nimecheka Kona_Kali, ila ana hoja. Kaka Msafiri, wifi yetu ameiona hii ratiba?

Msafiri_Pole
Bado. Nataka iwe mshangao.

Zuhura_wa_Pwani
Basi tutarudi hapo. Endeleeni na ramani kwanza.

Mwaloni
Mleta uzi, nimeishi upande huo, ngoja nikupe kitu kimoja ambacho kikikaa vizuri mengine yatajipanga yenyewe.

Watu wengi huanza kwa kuchagua mahali, halafu wanatafuta tarehe ambayo majani yamefikia kilele. Wewe huna uhuru huo. Tarehe yako ilishapangwa miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo anza na tarehe, uliza: tarehe 18 Oktoba rangi ziko wapi?

Rangi hazitokei nchi nzima kwa mpigo. Zinaanza kaskazini zikishuka kusini, na zinaanza kileleni mwa mlima zikishuka bondeni. Kaskazini mwa Vermont na New Hampshire wakati mzuri kwa kawaida ni mwisho wa Septemba hadi kama tarehe 10 Oktoba. Ukifika Stowe tarehe 15 utakuta bondeni bado kuna uzuri wake, lakini juu miti mingi imebaki matawi. Milima ya Blue Ridge ni kinyume: vilele vya North Carolina vinabadilika mwanzoni hadi katikati ya Oktoba, miinuko ya kati inafuata, na mabonde yanaendelea hadi mwisho wa mwezi, pengine mpaka mwanzo wa Novemba. Tarehe 18 hapo unakuwa katikati ya mambo.

Jambo la pili ni muhimu zaidi ya la kwanza. Blue Ridge Parkway sehemu yake ya chini kabisa ni pale inapovuka mto James, mita 198 tu kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya juu kabisa ni Richland Balsam, mita 1,845. Barabara ni moja. Maana yake mwaka ukichelewa unapanda, mwaka ukiwahi unashuka. Huhitaji kuotea wiki sahihi, unahitaji barabara yenye kimo cha kutosha ili ukifika uweze kuzifuata rangi zilipo. Kancamagus ni nzuri mno, lakini ni kilomita 55 tu kutoka Lincoln hadi Conway. Ukikuta majani yameanguka, yameanguka.

Kata kaskazini yote. Shukia Washington.

Kipepeo_Mweusi
Naunga mkono hoja, japo roho inauma. Wekundu wa Vermont hauna mshindani, ile miti ya mepo ya kule ni moto mtupu. Kusini rangi ni mchanganyiko: njano nyingi, dhahabu, kahawia, nyekundu za hapa na pale. Anayetaka picha ya mlima mzima mwekundu asije akasema hakuambiwa.

Mwaloni
Kweli kabisa, na ni vizuri ajue. Ila huo mchanganyiko ndio unaorefusha msimu. Hifadhi ya Great Smoky peke yake, pale Parkway inapoishia, ina zaidi ya aina 100 za miti ya asili. Aina moja ikipukutika nyingine ndiyo inaanza. Mialoni hufunga dimba, ikiwa na rangi ya shaba.

Msafiri_Pole
Mmeniua na Vermont lakini nimeelewa. Swali la kijinga: kuna zile ramani za mtandaoni zinazotabiri kilele wiki kwa wiki. Nizifuate?

Mwalimu_wa_Jioni
Zitazame, usizifanye msahafu. Nitaeleza kwa nini.

Kinachouambia mti kwamba muda umefika ni urefu wa usiku. Usiku ukirefuka, mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unafifia. Njano na machungwa zilikuwemo ndani ya jani siku zote, ni karotenoidi, zilifunikwa tu na kijani. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo ni anthosianini, na kwa miti mingi inatengenezwa wakati huohuo wa mwisho, kutokana na sukari inayobaki kwenye jani wakati mishipa yake inajifunga.

Sasa urefu wa usiku haubadiliki mwaka hadi mwaka, ndiyo maana mtu anaweza kusema "katikati ya Oktoba" bila kuangalia utabiri. Lakini ukali wa rangi unategemea hali ya hewa. Siku za jua zikifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kuganda, nyekundu inawaka. Mvua za mawingu na usiku wa joto zinafanya rangi zipoe. Ukame mkali unaweza kuyaangusha majani kabla hayajapendeza. Upepo wa siku moja unaweza kumaliza kazi yote. Mambo hayo hakuna ramani inayoyajua miezi minne kabla, na wewe vyumba unaviweka sasa hivi.

Kwa hiyo ushauri wa Mwaloni wa kimo cha mlima ndio bima yako.

Ngoma_Haikeshi
Si mkapande tu ndege mkaangalie kwa juu?

Kona_Kali
Kuna mtu huwa hakosi kwenye kila uzi.

Dereva_wa_Zamani
Vijana, niongee na huyu bwana kuhusu barabara yenyewe, maana naona mnazungumza majani tu.

Skyline Drive ina maili 105, yote iko ndani ya hifadhi ya Shenandoah, kuna kiingilio getini. Mwendo wa juu ni maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Ikiishia Rockfish Gap ndipo Blue Ridge Parkway inapoanzia, nayo ina maili 469 mpaka karibu na Cherokee, North Carolina. Parkway haina kiingilio. Mwendo wa juu ni maili 45, sawa na kilomita 72, na kuna mahali ni pungufu ya hapo. Malori ya mizigo hayaruhusiwi.

Piga hesabu. Ukiendesha Parkway nzima kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa bila kusimama hata kwenda haja, ni zaidi ya saa kumi. Hakuna anayeendesha hivyo. Una kona, una ukungu, una mtu mbele yako anayeangalia kulungu, una vituo vya kutazama mandhari kila baada ya dakika chache na mke anayesema "simama hapa". Chukua maili 30 kwa saa ndiyo hesabu yako ya kupangia. Maili 100 kwa siku zinatosha, 120 ni nyingi, 200 ni adhabu.

Mafuta: ndani ya Parkway hakuna sheli. Lazima utoke, uingie mji wa karibu, ujaze, urudi. Tangi likifika nusu, jaza.

Kila maili ina nguzo yenye namba, sifuri ikiwa Rockfish Gap. Wenyeji wote wanaelekeza kwa namba hizo, na hata taarifa za barabara kufungwa zinatolewa kwa namba hizo. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu mtandao wa simu milimani unakatika ovyo. Ramani ipakue kabla. Na programu ya ramani kwenye simu itakung'ang'aniza utoke uingie barabara kuu kwa sababu ni ya haraka. Ipuuze.

Mahandaki yako 26, 25 yakiwa upande wa North Carolina. Washa taa kila unapoingia. Kwenye miteremko mirefu shusha gia, hata gari likiwa la otomatiki, usikalie breki mpaka zinuke.

Msafiri_Pole
Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya karatasi nimeichukua. Mimi nimezoea kuendesha kushoto, hapo nijiandae vipi?

Dereva_wa_Zamani
Marahaba. Barabara kuu haina shida, unafuata wenzako. Hatari iko kwenye kutoka: unatoka sheli au maegesho ya hoteli asubuhi, hakuna gari lingine la kufuata, mwili unajipeleka kushoto wenyewe. Mpe mkeo kazi moja tu, kila mnapotoka mahali aseme kwa sauti "kulia".

Mengine ya kujua. Taa nyekundu unaweza kukunja kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote, aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Na basi la njano la shule likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama hata kama unatokea mbele yake, labda barabara iwe imegawanywa katikati. Hilo hawana mchezo nalo.

Leseni yako ya nyumbani ibebe, na kibali cha kimataifa cha udereva pia. Kibali peke yake si leseni, vinakwenda pamoja.

Bahari_Tulivu
Mama hapa, naomba nisemee abiria. Mleta uzi ameandika "dereva ni mimi" kama vile ni zawadi. Anayeendesha hiyo barabara haoni kitu, anaona lami na kona. Mnaenda kutazama, halafu mmoja wenu hatazami? Pokezaneni. Mnapokodi gari, mwandikisheni na mke kama dereva wa pili, na muulize kabla ya kulipa, maana kampuni nyingine mwenza anaingia bure na nyingine wanatoza kwa siku.

Halafu kuna kichefuchefu cha kona. Aliye kiti cha pembeni akitazama simu au ramani dakika kumi, siku imeisha. Atazame mbele, mbali. Kama ana historia hiyo, dawa inywewe kabla ya safari, haisaidii sana mambo yakishaanza.

Msafiri_Pole
Mama, hapo kwenye kichefuchefu umenigusa. Mke wangu akiwa abiria kwenye kona nyingi anakuwa kijani kuliko hayo majani kabla hayajabadilika. Akiendesha yeye hana shida kabisa.

Bahari_Tulivu
Basi umeshapata jibu la nani aendeshe zile kona. Wewe kaa pembeni, sema "kulia".

Zuhura_wa_Pwani
Na sasa turudi kwenye mshangao. Kaka, unapanga kumshtukiza mtu kwa safari ya siku tisa, ambayo anahitaji viatu vya kutembea, koti zito, dawa ya kichefuchefu, kibali cha kuendesha na ruhusa ya kazini. Huo utakuwa usumbufu uliofungwa utepe. Mwambie safari yote. Ficha kitu kimoja: chumba cha tarehe 18, au mahali mtakapokula jioni ile. Yeye naye mwachie siku yake moja aipange, wewe usijue. Mnakuwa mmeshangazana wote wawili.

Ngazi_Saba
Zuhura 100%. Wanawake hatupendi kushtukizwa bila nguo.

Kona_Kali
Hiyo sentensi ingeandikwa upya, dada.

Ngazi_Saba
😂 Mnanielewa.

Msafiri_Pole
Sawa, nimeshindwa kwa kura. Nimemwambia usiku huu. Kwanza amefurahi, pili ameuliza kwa nini tarehe 18 yenyewe tunashinda barabarani. Sikuwa na jibu.

Mwaloni
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa humu. Siku yenyewe gari lisiwashwe, au liwashwe kidogo tu. Acha nikupangie, wengine mtakosoa.

Jumanne 13, mnashuka Washington. Mnalala karibu na uwanja, hakuna kuendesha usiku baada ya safari ndefu ya ndege. Kumbuka pia Jumatatu tarehe 12 ni sikukuu ya kitaifa, wikiendi ile milima inafurika, nyie mnaingia watu wakiwa wanarudi makwao.

Jumatano 14, mnaingia Skyline Drive kwa lango la Front Royal. Usiku mbili ndani ya hifadhi, hoteli ya Skyland au ya Big Meadows, zote ziko katikati ya barabara. Kwa nini ndani? Kwa sababu mnaona machweo na mapambazuko bila kupanda na kushuka mlima gizani. Alhamisi 15 mnatembea kwa miguu tu.

Ijumaa 16, malizieni Skyline, onjeni mwanzo wa Parkway pale Humpback Rocks, kama maili ya 6, kisha tokeni muingie barabara kuu ya I-81 mpaka kusini mwa Roanoke. Ndiyo, nawaambia mruke kipande cha Parkway. Hamna deni nacho.

Jumamosi 17, rudini Parkway, pitieni Mabry Mill kwenye maili ya 176, kile kinu cha maji kinachopigwa picha kupita kiasi, na kweli kinastahili. Endeleeni taratibu mpaka Blowing Rock, North Carolina, maili ya 294.

Blowing Rock lala Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Tarehe 18 ni Jumapili, mnaamka mkiwa mahali penu tayari. Jumanne mnashuka Charlotte, kama saa mbili za kuendesha. Jumatano mnaruka.

Asheville nimeikata. Mji mzuri, ila una mambo yake ya siku tatu, na kuufikia kwa Parkway mnaongeza maili karibu 90 za kona.

Mtaa_wa_Juu
Naongezea kwenye hiyo Ijumaa. Kama mtalala Floyd, Virginia, kijiji kidogo karibu na maili ya 165, Ijumaa usiku kuna muziki wa asili wa milima ile kwenye duka la kale la kijijini. Fidla, banjo, wazee kwa vijana wanacheza kwa visigino. Hakuna anayejali kama unajua au hujui. Kwa watu wanaosherehekea ndoa, mimi sioni jambo bora la kufanya Ijumaa.

Ila lazima mtoke Skyland asubuhi mapema. Mkichelewa kwenye vituo vya kutazama, mtafika wanafunga.

Kipepeo_Mweusi
Mwaloni umesahau kimbunga. Helene ya Septemba 2024 iliibomoa vibaya Parkway upande wa North Carolina. Maporomoko ya udongo, miti kwa maelfu, lami ikaondoka. Matengenezo yamekuwa ya kipande kwa kipande. Mleta uzi, kabla hujalipia kitu chochote kisichorudishwa, ingia tovuti ya Idara ya Hifadhi za Taifa, kuna ukurasa unaoonyesha kwa nguzo za maili wapi pamefungwa. Angalia tena wiki ya safari. Ukungu na barafu navyo hufunga barabara bila kupiga hodi, hasa juu.

Mwaloni
Sikusahau, ni sababu nyingine ya kuikata Asheville, ila ulichosema ni lazima kisemwe. Na vyumba chukueni vile vinavyoruhusu kughairi. Hata siasa inaweza kuingilia: Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilisimamisha shughuli na hifadhi za taifa zikafungwa zaidi ya wiki mbili, katikati ya msimu wa majani. Waliokuwa na vyumba nje ya hifadhi angalau walipata pa kulala.

Picha_na_Pumzi
Kwa wanaobeba kamera. Watu wanaomba jua kali, lakini ndani ya msitu mawingu mepesi ndiyo mwanga bora, rangi zinakolea na vivuli havikati sura. Jua liache kwa ajili ya vituo vya kutazama mabonde, na hapo iwe asubuhi au jioni. Majani yakiwa yamelowa yanang'aa meupe na kuficha rangi yake, kichujio cha polaraizi kinaondoa huo mng'ao. Ndicho kifaa pekee ningekwambia ununue.

Katikati ya Oktoba jua linazama karibu saa moja jioni. Novemba wakisharudisha saa nyuma, linazama kama saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo tarehe zenu zina faida ambayo wanaokwenda baadaye hawana.

Skyline Drive inakwenda kaskazini hadi kusini juu ya mgongo wa mlima, kuna vituo vinavyotazama mashariki na vingine magharibi. Chumba kikitazama magharibi, machweo mtayaonea barazani.

Ngazi_Saba
Na picha zenu nyie wawili? Msirudi na majani mia tano na sura zenu hakuna. Kijiti cha miguu mitatu, dakika kumi, basi.

Bahari_Tulivu
Nguo. Juu ya mlima baridi inazidi ya bondeni kwa nyuzi kama tano au sita za Selsiasi, na usiku wa Oktoba inaweza kukaribia kuganda. Vaeni tabaka kwa tabaka: fulana, sweta, koti la kuzuia upepo. Asubuhi mtavaa vyote, mchana mtabeba vyote mkononi.

Na kuendesha wakati wa magharibi na alfajiri, punguzeni. Oktoba hadi Desemba kulungu wanatafutana, wanakatiza barabara bila kuangalia. Ukiona mmoja amevuka, ngoja, mwenzake yuko nyuma. Dubu weusi wapo pia. Chakula kisibaki ndani ya gari usiku, na hakuna selfi na dubu.

Msafiri_Pole
Dubu sikuwa nimemwambia mke.

Zuhura_wa_Pwani
Huo ndio mshangao wako.

Mtaa_wa_Juu
Pale Blowing Rock mtafanya nini siku mbili nzima? Nipendekeze.

Kuna shamba la zamani la Moses Cone, limo ndani ya Parkway kwenye maili hiyohiyo ya 294. Lina njia pana zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya farasi, maili 25 kwa jumla, hazina miinuko mikali, mnatembea mkiwa bega kwa bega mkiongea. Ulizeni zipi ziko wazi kwa sasa. Hiyo ndiyo asubuhi ya tarehe 18 ningeichagua mimi. Njia nyingi za milimani ni nyembamba, mmoja mbele mmoja nyuma, mazungumzo yote ni "angalia jiwe".

Jumatatu nendeni Linn Cove Viaduct, maili ya 304. Ni daraja linaloning'inia ubavuni mwa mlima Grandfather, kama mita 379 kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Parkway ilianza kujengwa 1935 lakini kipande hiki ndicho kilichobaki mwisho, mpaka 1987, kwa sababu hawakutaka kuuchimba mlima. Wakalijenga kutokea juu, kila kipande kikiwekwa kwa kusimamia kilichotangulia, ili mashine zisikanyage chini. Vipande 153, na kilichonyooka ni kimoja tu. Ukipita juu yake unakuwa usawa wa vilele vya miti, rangi ziko chini yako na juu yako.

Mlima wenyewe, Grandfather, una daraja la waya la kutembea kwa miguu tangu 1952. Unalipia kuingia. Kama mmoja wenu anaogopa kimo, mwenzake asimshawishi.

Kona_Kali
Mimi sasa nimekubali. Nakosoa kimoja: kulala Jumamosi hadi Jumatatu Blowing Rock mwezi wa kumi ni ghali, na sehemu nyingi wikiendi hawakupi usiku mmoja. Kwa kuwa mnalala tatu hamtapata shida hiyo, ila wekeni sasa. Floyd nayo Ijumaa usiku mmoja huenda wakakataa. Wakikataa, kaeni Roanoke, mwendo wa kama saa nzima, mnaenda muziki mnarudi. Hapo mmoja asinywe.

Ngoma_Haikeshi
Na mkiachana kabla ya Oktoba?

Bahari_Tulivu
Kijana, kuna wakati kunyamaza ni kipaji.

Msafiri_Pole
Narudisha mrejesho. Nimekaa na mke, tumesoma uzi wote pamoja, kacheka sana hapo kwa Ngazi_Saba.

Tumechukua ratiba ya Mwaloni na mabadiliko mawili. Skyland usiku mbili tumepata, chumba kinatazama magharibi. Floyd wamekataa usiku mmoja kama Kona_Kali alivyosema, tumechukua Roanoke. Blowing Rock usiku tatu, inaruhusu kughairi mpaka siku saba kabla. Linn Cove kwa sasa iko wazi kwenye ukurasa wa hifadhi, nitaangalia tena tarehe 10.

Badiliko la pili ni lake. Jumatatu ameniambia nisiulize, ni siku yake. Anachotaka nijue ni kwamba tunaamka saa kumi na moja alfajiri.

Yeye ndiye dereva wa kona. Kampuni tuliyochagua mwenza anaingia bure.

Dereva_wa_Zamani
Alfajiri hiyo bado giza, na kulungu wako barabarani. Mwambie shemeji maili 30, taa kubwa, na mafuta ajaze Jumapili jioni. Sheli za vijijini saa hizo zimefungwa.

Msafiri_Pole
Amesoma mwenyewe. Anasema, "Mwambie mzee nimeshaandika kwenye karatasi."